Kutembeza vipodozi nyumba kwa nyumba Kigoma kama kazi ya jioni: mwongozo kamili

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye shughuli yake tayari: mwalimu, fundi cherehani, muuguzi wa zamu, mwanachuo, mama aliyekwisha kupika na kupakua, ambaye ana saa mbili tatu za jioni na Jumamosi yake. Hauhusu kufungua duka. Duka humsubiri mteja. Wewe unamfuata alipo, na faida yako yote inatokana na kurudi mlango uleule mpaka wakuzoee. Losheni hiyohiyo mteja anaweza kuipata soko la Mwanga, tena pengine kwa pungufu ya mia tano. Ananunua kwako kwa sababu umemfikia, unakumbuka ngozi ya mwanawe, na unakubali alipe kiasi leo na kilichobaki Ijumaa.

Kwa hiyo karibu kila ushauri ulioko humu unarudi kwenye jambo hilo moja: nyumba chache, ziara nyingi.

Anza na mitaa, bidhaa baadaye

Piga hesabu ya muda wako kwanza. Ukitoka saa kumi na nusu jioni ukarudi giza linapoingia, ukasalimia watu kama inavyopasa, utamaliza nyumba nane mpaka kumi. Jioni mbili kwa wiki ni nyumba ishirini. Ukiwa unarudi kila nyumba baada ya wiki mbili, uwezo wako ni nyumba arobaini, basi. Anayejigamba kuwa na wateja mia tatu ana namba za simu mia tatu.

Hapa Kigoma tuna bahati moja ambayo wa pwani hawana. Tupo magharibi kabisa ya nchi lakini saa yetu ni ileile ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua letu huchelewa kuzama kwa karibu dakika 40 kuliko kule, na mara nyingi linatua karibu na saa moja. Mtu aliyetoka kazini saa tisa na nusu ana jioni ndefu ya mwanga. Itumie.

Sasa mitaa. Kigoma Ujiji ni manispaa moja yenye miji kadhaa ndani yake. Mwanga na Gungu kuna wapangaji wengi, wafanyakazi na wafanyabiashara. Nyumba moja inaweza kuwa na familia nne au tano uani, yaani hodi moja na wateja watano. Ujiji ni mji wa zamani, wa Kiislamu kwa sehemu kubwa, wanawake wanajua hina, udi na manukato kuliko wewe, kwa hiyo usiende kuwafundisha; nenda na mali nzuri. Kibirizi na Katonga ni pwani za uvuvi, na pesa za kule zina kalenda yake, nitaieleza kwenye madeni. Wauguzi wa hospitali ya Maweni na walimu wa shule zilizo karibu nao ni kundi la mshahara: hawanunui katikati ya mwezi, wakinunua wananunua vitu vya bei ya juu kidogo.

Ushauri wangu: nyumba 25 ziwe za kutembea kwa miguu kutoka kwako, zile 15 nyingine ziwe za eneo moja la mbali kidogo. Ukianza na "Mwanga, Ujiji, Bangwe na Kibirizi" kwa mpigo utakuwa unamfanyia kazi dereva wa bodaboda. Hesabu yake iko mbele.

Mali utaitoa wapi

Kuna njia tatu na kila moja ina masharti yake.

Ya kwanza ni uwakala wa kampuni ya kuuza moja kwa moja: unapewa katalogi, unakusanya oda, mali inakuja, unabaki na kamisheni. Uzuri wake ni kwamba hufungi mtaji kwenye stoo. Ubaya ni umbali. Mali ikitoka Dar es Salaam kwa basi au kwa reli ya kati, mteja aliyeagiza kwa hamu Jumatatu anaweza kuwa ameshatumia pesa yake kwa jambo lingine mzigo unapofika. Kabla ya kujaza fomu uliza maswali matatu. Kiingilio ni kiasi gani na kwa hicho kiingilio napata mali gani mkononi? Mali isiyouzika inarudishwa? Na la maana zaidi: huyu anayenisajili analipwa kwa mafuta nitakayouza au kwa watu nitakaowaleta? Jibu likiwa ni watu, ondoka. Biashara ya aina hiyo ni upatu, sheria ya Tanzania inaikataza, na waliowahi kuweka fedha zao kwenye upatu wa DECI hadi ukaanguka mwaka 2009 hawahitaji kuelezwa zaidi.

Ya pili ni mali kauli. Unakwenda kwa mwenye duka la vipodozi mnayefahamiana, anakupa bidhaa za elfu hamsini kwa kauli yako tu, unarudisha hela au mali baada ya wiki. Bei atakayokupa haitakuwa ya jumla kamili, lakini kwa mwanzo ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inakuonyesha wateja wako wanataka nini kabla hujafunga hela yako. Andikeni. Hata karatasi ya daftari yenye saini mbili inatosha, ila muwe mmekubaliana juu ya mali iliyofunguliwa na iliyovunjika, maana hapo ndipo ugomvi huanzia.

Ya tatu ni kununua mwenyewe kwa jumla, Kigoma au kuagiza Kariakoo. Kariakoo bei ni nzuri, lakini kuna nauli ya mzigo na kuna chupa zinazofika zimevuja. Agiza Kariakoo baada ya kujua dazeni gani huisha kwa mwezi, si kabla.

Ubebe nini

Sheria yangu ya mkoba: theluthi mbili ziwe vitu vinavyoisha, theluthi moja urembo. Mafuta ya mgando, losheni, sabuni ya kuogea, mafuta ya nywele, roloni, mafuta ya mtoto: hivi vinaisha, na kinachoisha ndicho kinachokupa sababu ya kurudi. Poda, wanja, lipshaini, rangi ya kucha na pafyumu ndogo vinapendeza mkoba na vina faida kubwa kwa kipande, lakini wanja mmoja mtu anaweza kukaa nao mwaka.

Angalia na majira. Kuanzia Juni mpaka Septemba ni kiangazi, vumbi na upepo, visigino vinapasuka, watoto wanapauka. Hapo beba mafuta mazito ya mgando. Mvua zikianza, watu wanataka losheni nyepesi na roloni. Ramadhani ikikaribia kuisha, Ujiji beba marashi, hina na udi wiki mbili kabla ya Idi. Siku mbili kabla umechelewa, kila mtu keshanunua.

Jambo la mahali petu: nyumba nyingi zina mafuta ya mise, yaani ya kokwa za michikichi, na sabuni inayotengenezwa kwa mawese. Usiyaseme vibaya. Bibi aliyelea watoto saba kwa mafuta ya mise hatakusikiliza ukimwambia hayafai, tena kwa ngozi kavu yanafaa. Mwambie tu kwamba yako ni ya kutokea, hayana harufu nzito, na ya mise abaki nayo ya usiku. Huwa wanakubali.

Saizi ndogo zinauzika kuliko kubwa, hata kama kubwa ina unafuu. Lakini usipime losheni kutoka chupa kubwa kwenda vichupa visivyo na lebo. Ikiingia maji au mkono mchafu inaharibika, na mtoto akitoka vipele huna cha kuonyesha ulimuuzia nini. Tafuta zilizofungashwa ndogo kiwandani.

Mkorogo: utaulizwa, uwe na jibu

Katika nyumba kumi, hutakosa atakayeuliza kwa sauti ya chini: "Huna kitu cha kung'arisha?" Hapa ndipo wauzaji wengi wanapoingia kwenye matatizo, kwa sababu krimu hizo zina faida na hupita kirahisi kwenye mikoba.

Viambato vitatu vya kuogopa ni zebaki, haidrokwinoni na steroidi. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini inapenya mwilini na kuumiza figo, na kwa mjamzito inamfikia mtoto. Haidrokwinoni ikitumika kwa muda mrefu inaweza kuacha mabaka meusi ya kibluu ambayo ni kazi kubwa kuyaondoa. Steroidi ni dawa za hospitali za kupunguza uvimbe na mwasho; zikipakwa kila siku kwa urembo ngozi inakuwa nyembamba, inatoa michirizi, na mtu akiacha inalipuka vipele, hivyo anarudi kupaka tena. Vyote vitatu vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Tangu Julai 2019 usimamizi wa vipodozi umekuwa chini ya Shirika la Viwango, TBS, ukitoka mamlaka iliyokuwa ikisimamia chakula na dawa. Wakikukamata nazo, kusema "nilipewa na mwenye duka" hakukusaidii.

Soma lebo kabla ya kupokea mali. Viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Tafuta maneno haya jinsi yanavyoandikwa: hydroquinone, mercury, mercurous chloride, calomel, clobetasol, betamethasone. Krimu isiyo na orodha ya viambato kabisa, isiyo na jina la mtengenezaji wala namba ya bechi, iache hata kama inapendwa. Pwani zetu zinapokea mali kutoka Burundi na Kongo kila wiki. Si kila kilichovuka ziwa ni kibaya, lakini kisicho na maelezo ya kueleweka usikibebe.

Na jibu la mlangoni? Mimi husema hivi: "Hicho sibebi dada, maana nitakuwa nakutazama usoni kila wiki mbili na sitaki kuona nilichokufanyia. Nina losheni yenye kinga ya jua, inazuia madoa yasizidi kuwa meusi." Kinga ya jua huandikwa SPF na namba pembeni, kuanzia 30 kwenda juu inafaa kwa mtu anayeshinda juani. Wengine wataenda kununua mkorogo kwingine. Waache waende.

Ukiwa bado kwenye lebo, tazama alama ya kikopo kilicho wazi chenye namba kama 6M au 12M: ni miezi ambayo kitu kinafaa baada ya kufunguliwa. Tarehe ya kuisha muda ni ya kilichofungwa. Wateja wengi hawajui tofauti hiyo, na ukiwaeleza siku ya kwanza wanakuona mtu wa kuaminika.

Mkoba wenyewe

Mfuko wa mgongoni au kapu lenye mfuniko, si mfuko wa plastiki. Ndani: kanga au kitambaa cha kutandaza mali, pamba, vijiti vya masikio, kioo kidogo, karatasi laini, daftari, kalamu mbili, chenji. Chenji ya noti ndogo ukikosa, utaacha mia tano kila nyumba na mwisho wa mwezi ni hela.

Lipshaini na lipstiki hazipendi jua la Kigoma. Ziweke katikati ya mkoba, zimezungukwa na sabuni, na usiache mkoba juani ukinywa chai. Krimu iliyopata joto hujitenga, mafuta juu na maji chini, na haiuziki tena.

Za kujaribia zitenge, ziandike "jaribio", na zisiguse mdomo wa mtu hata siku moja. Rangi ya mdomo ijaribiwe juu ya mkono. Poda itolewe kwa pamba mpya. Macho mekundu na vidonda vya mdomo huhama kwa njia hiyo, na mtaa mzima utajua vilitoka kwenye mkoba gani.

Karatasi

Fupi tu. Mwone mwenyekiti wa mtaa kabla hujaanza, umweleze unaishi wapi na unatembeza nini. Mtu akikutilia shaka yeye ndiye ataulizwa. Pata kitambulisho cha mfanyabiashara mdogo kupitia ofisa maendeleo ya jamii wa kata au halmashauri. Vilianza kutolewa Desemba 2018 kwa shilingi 20,000 na sasa vinatolewa kwa mfumo wa kidijitali. Kwa kodi, mfanyabiashara ambaye mauzo yake hayazidi milioni 4 kwa mwaka halipi kodi ya mapato ya makadirio. Weka daftari la mauzo ili uweze kulionyesha. Mkiwa kikundi, halmashauri ina mikopo isiyo na riba inayotoka kwenye asilimia kumi ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Hiyo ni bora mara mia kuliko kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kubwa.

Mlangoni

Piga hodi, simama pembeni ya mlango ili usitazame ndani, subiri. Hodi tatu bila jibu, ondoka bila kununa. Hata kama redio inaimba. Ujiji hasa jambo hili linatazamwa.

Ziara ya kwanza usiuze. Najua inauma ukiwa na mali kauli ya wiki moja, lakini jaribu. Huenda hivi:

"Hodi hapa."

"Karibu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu ndani."

"Ahsante mama, hapa barazani panatosha. Mimi ni wa hapo nyuma ya msikiti, natembeza mafuta, sabuni na vitu vya kina mama. Leo nimepita tufahamiane tu."

"Mmh. Una mafuta ya mtoto?"

Umeona? Yeye ndiye ameuliza. Hapo tandaza kitambaa, mtolee mafuta ya mtoto peke yake, usimwage mkoba wote. Mwulize mtoto ana umri gani, anatumia nini sasa, ngozi yake ikoje. Kama mtoto ana ukurutu unaotoa maji, usimuuzie chochote; mwambie aende kituo cha afya. Hasara ya leo ni elfu tatu.

Kabla ya kuaga, sema siku: "Nitapita tena Alhamisi ya wiki ijayo jioni." Alhamisi hiyo upite, hata kama mvua imenyesha na hata kama unajua hana hela. Ziara ya pili ndiyo inayouza, kwa sababu mgeni amekuwa mtu wa Alhamisi.

Sampuli kidogo husaidia. Kampuni ya Avon ya Marekani ilianzia hapo mwaka 1886: David McConnell alikuwa muuza vitabu wa mlango kwa mlango, akawa anawagawia kina mama kichupa cha manukato kama zawadi, akagundua wanayangoja manukato kuliko vitabu. Wewe si lazima ugawe chupa. Tone la losheni nyuma ya mkono mmoja tu, si miwili, kisha endelea na mazungumzo. Baada ya dakika chache mwambie alinganishe mikono.

Poda ijaribu kwenye taya, karibu na shingo, si juu ya mkono. Mkono na uso havina rangi moja. Na mjaribishe nje, barazani, kwenye mwanga wa jua. Ndani ya chumba chenye taa nyeupe kila poda inaonekana sawa, kisha Jumapili anakwenda kanisani uso una rangi yake na shingo ina yake, na aliyemfanya hivyo ni wewe.

Mtu mwenye ngozi inayokasirika haraka, au anayeonja kitu kipya, mpakie kidogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, umwambie angoje siku moja au mbili kabla ya kupaka usoni. Utapoteza mauzo ya siku hiyo. Utayapata Alhamisi.

Nyumba bora kuliko zote ni ya msusi. Mtu akikaa kusukwa anakaa saa tatu, hana pa kwenda, ana wenzake wanne pembeni, na wote wanazungumzia nywele na ngozi. Mpe msusi mafuta ya nywele kwa bei ya jumla, asiwe mteja tu awe mwenzio. Na usikae pale zaidi ya robo saa, kile ni kijiwe chake.

Wanaume nao wananunua, ila si mlangoni. Roloni na pafyumu zinakwenda kwenye vijiwe vya bodaboda, hasa Ijumaa na Jumamosi mchana. Mwanamume akiwa peke yake nyumbani, malizia biashara barazani au aga. Usiingie. Na jua likishazama funga mkoba. Mtu anayejulikana kuwa na hela ya mauzo asitembee gizani. Pesa nyingi pokea kwa lipa namba ili mkoba usiwe na noti za kutamanisha.

Daftari la madeni

Bila kukopesha hutauza Kigoma. Ukikopesha hovyo hutakuwa na mtaji ndani ya miezi miwili. Katikati ya hayo kuna daftari.

Kila ukurasa uwe wa mteja mmoja: jina analoitwa mtaani, alama ya nyumba, namba ya simu, bidhaa, bei, alicholipa, kilichobaki, siku ya kulipa. Aandike mwenyewe saini au herufi moja. Haitakufikisha mahakamani, lakini mtu aliyetia alama kwa mkono wake husumbua kidogo kuliko aliyesema "niandikie."

Kanuni kubwa: kianzio kisipungue bei uliyonunulia. Losheni uliyoinunua 5,000 na kuuza 7,500, atoe 5,000 leo. Deni ni 2,500. Akikimbia, umekosa faida, mtaji umebaki. Mteja aliyekwisha kulipa madeni matatu kwa wakati unaweza kumlegezea. Asiyemaliza la kwanza hapati la pili, awe shoga yako, awe mke wa bosi wako. Jumla ya madeni yote isizidi theluthi ya mtaji. Ukifika hapo, wiki hiyo unakusanya tu.

Siku ya kulipa ifuate pesa ya mteja inapoingia, si inapokupendeza wewe. Mtumishi wa serikali mpangie baada ya mshahara, siku za mwisho wa mwezi. Mama lishe na muuza mboga wanapata kila siku: wapangie elfu moja kila ziara. Walio kwenye mchezo au kikoba, uliza zamu yao ni lini.

Wa Kibirizi na Katonga tazama mwezi wa angani. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti vizuri na mitumbwi inapumzika karibu wiki nzima. Ukimpangia mama anayeanika dagaa alipe kwenye mbalamwezi, umejipangia ugomvi. Pangia katikati ya giza, siku ambazo mchanga mzima umetandazwa dagaa na hela inatembea. Na fuatilia matangazo ya kufunga ziwa: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kwa miezi mitatu, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti. Kipindi kama hicho pwani beba sabuni na mafuta madogo kwa fedha taslimu, pafyumu ziache nyumbani.

Unapodai, usitaje deni mbele ya mume, mkwe wala majirani. Salimia, uza au usiuze, kisha wakati wa kuagana sema polepole, "Dada, lile jambo letu la Ijumaa." Aibu ikimpata mbele za watu atalipa siku hiyo na hutamuuzia tena, na majirani waliosikia nao watajiuliza siku yao itakuwaje.

Hesabu ya mwezi

Chukua mfano wa mtaji wa 150,000. Mali 120,000, akiba 20,000 usiyoigusa, 10,000 ya nauli na vifaa. Tuseme unaongeza asilimia 35 juu ya bei ya kununulia. Kwa wiki mbili hutauza vyote. Tuseme umeuza robo tatu, mali ya 90,000, ikaleta 121,500. Faida ghafi ni 31,500.

Toa bodaboda: jioni nne, 2,000 kila moja, 8,000. Toa sampuli, pamba na makato ya simu, 4,000. Inabaki 19,500. Kwa mwezi ni 39,000, kwa jioni nane za saa mbili na nusu, yaani saa ishirini za kazi. Ni chini ya elfu mbili kwa saa. Si mshahara, na anayekuambia ni mshahara anataka umsajilie chini yake.

Lakini tazama mstari wa bodaboda. Ukitembea kwa miguu kwenye nyumba zako zote za karibu na kwenda mbali mara moja tu kwa mwezi, nauli ya 16,000 inashuka hadi 2,000, na faida inapanda kutoka 39,000 hadi 53,000 bila kuuza hata kipande kimoja cha ziada. Hiyo ndiyo sababu nilikuambia uanze na mitaa.

Kila mwisho wa mwezi tandaza mali yote sakafuni. Kilichokaa miezi miwili bila kuguswa kifanye fungu na kitu kinachokwenda, rangi ya kucha pamoja na sabuni kwa mfano, ukiuze hata kwa bei ya kununulia. Hela iliyolala kwenye lipshaini ya zambarau haizai.

Mteja akirudi na vipele

Itatokea, hata kwa mali nzuri. Usibishane, usimwambie "labda ulikula kitu." Mwambie aache kupaka na aoshe kwa maji safi na sabuni isiyo na manukato. Uso au midomo ikivimba, au akipumua kwa shida, ni hospitali papo hapo. Rudisha hela yote siku hiyohiyo; chukua chupa. Andika namba ya bechi kwenye daftari, kisha fungua kurasa zako uone nani mwingine alichukua ya bechi hiyo, uwapitie hata kama siku yao haijafika. Zilizobaki mkobani zitenge, mpelekee aliyekuuzia, na akikataa kuzipokea ripoti ofisi ya TBS au kwa ofisa afya wa manispaa ukiwa na chupa mkononi.